Kihisi cha Joto Kisifundishwe Uongo

Katika gazeti letu la shule tumezoea kusoma habari za michezo, za mijadala, na za wenzetu waliomaliza masomo wakaenda kutafuta kazi. Leo namwomba Mhariri anipe nafasi niseme juu ya kitu ambacho sijapata kukiona kikitajwa hapa. Ni kidude kidogo kama kidole cha mtoto, kikaacho katika njia ya hewa ya gari lenye turbo, na kazi yake ni kupima joto la hewa hiyo. Mafundi wa mitaani hukiita sensa ya hewa. Vitabu hukiita kihisi cha joto. Mimi nitakiita kihisi, basi.

Najua wako watakaocheka. Watasema, mwanafunzi wa Kidato cha Sita na mambo ya garaji, wapi na wapi? Nawaomba wanistahimili mpaka mwisho. Neno langu ni moja tu: kihisi kikiharibika kibadilishwe, na kikiwa mahali pasipofaa kihamishwe, lakini kihamishwe ili kiseme kweli. Ile desturi iliyoenea ya kukidanganya, ili taa izimike na gari lionekane zima, ni desturi mbaya. Inakula mali za watu, nasi tunaosoma fizikia yatupasa tuwe wa kwanza kuikataa.

Kwanza tuelewane turbo ni nini. Injini hula hewa na mafuta. Ikipata hewa nyingi zaidi yaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, nayo nguvu huongezeka. Mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kutumia moshi unaotoka katika injini. Moshi ule huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo huzungusha jingine linaloshindilia hewa kuipeleka ndani ya silinda. Nguvu iliyokuwa ikipotea katika ekzosi ikapata kazi. Mwaka 1962 kampuni za Oldsmobile na Chevrolet huko Marekani zilianza kuwauzia watu magari madogo yenye turbo, na leo twayaona kila siku, katika malori, katika mabasi madogo ya dizeli, na katika magari yaliyotumika yanayotoka Japani na kuteremshwa Mombasa.

Vijana wengi wa huku kwetu Uganda wanayapenda sana magari haya, wala si ajabu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu hapo mashindano ya magari yamekuwa katika damu ya watu wa Afrika ya Mashariki. Subaru Impreza yenye turbo ilishinda Safari mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Hata mtoto ambaye hakuwa amezaliwa miaka hiyo anaijua sauti ya gari hilo kabla hajaliona. Lakini kupenda sauti ni jambo moja, na kujua kinachotendeka chini ya boneti ni jambo lingine.

Kila aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na turbo ni pampu. Hapa sisi watu wa milimani tuna jambo letu la kuangalia. Tuchukue gari ambalo kompyuta yake inataka hewa ya kilopaskali 160 kabla ya kuingia katika injini. Mombasa, penye usawa wa bahari, hewa ya nje ina kilopaskali 101 hivi, kwa hiyo turbo hushindilia karibu mara 1.6. Kabale, ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ya nje ina kilopaskali 80 tu, na turbo hiyo hiyo sharti ishindilie mara 2. Nimepiga hesabu kwa kanuni tunazofundishwa darasani. Nilichukua hewa inayoingia kwa digrii 20 katika miji yote miwili, ili nipate kulinganisha, na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Hesabu ilionyesha kwamba pwani joto litaongezeka kwa digrii 60 hivi, na Kabale litaongezeka kwa zaidi ya digrii 90. Yaani hewa itatoka katika turbo ikiwa na digrii 80 kule, na zaidi ya 110 huku. Gari ni moja, dereva ni mmoja, lakini mlima umebadilisha mambo.

Kwa sababu hiyo magari mengi ya turbo huwekewa kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Kimefanana na rejeta, ila ndani yake hupita hewa badala ya maji. Hewa ya moto hupita humo na kutoka imepungua joto, kisha huenda katika mlango unaofunguliwa na akseleta, na toka hapo huingia katika manifoldi, yaani bomba lenye matawi linaloigawia kila silinda fungu lake.

Sasa kihisi kina kazi gani? Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Mgandamizo ukiwa ule ule, chombo kinachobeba sehemu 100 za hewa kwa digrii 30 kitabeba sehemu 91 tu kwa digrii 60. Kompyuta ya gari inapotaka kujua imwage petroli kiasi gani, haina budi kujua imepata hewa kiasi gani. Magari mengine yana kipimo cha mtiririko ambacho huipima hewa yenyewe inapopita. Mengine hupima mgandamizo ndani ya manifoldi, kisha hukadiria wingi wa hewa kwa kutumia joto. Katika magari ya namna hii ya pili, kihisi kikikosea, hesabu yote ya petroli imekosewa.

Tena kuna habari ya cheche. Hewa ikiwa ya moto sana, mchanganyiko wa petroli na hewa waweza kujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hapo husikika mlio kama wa kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema injini inagonga. Mlio huo ukiendelea huvunja pistoni. Kompyuta ikiambiwa kwamba hewa ni ya moto huichelewesha cheche kidogo ili kuikinga injini. Ikiambiwa kwamba hewa ni baridi huiwahisha ili kupata nguvu. Kompyuta haina macho wala ngozi. Inasadiki yale inayoambiwa.

Kihisi chenyewe si kitu cha ajabu. Ndani yake mna punje ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapopanda. Kihisi cha Bosch cha namna iliyotumika sana kina omu 5,900 hivi kwa digrii 0, omu 2,500 kwa digrii 20, omu 1,200 hivi kwa digrii 40, na omu 320 hivi kwa digrii 80. Nyaya zake ni mbili. Kompyuta hupeleka umeme wa volti 5 kupitia rizista iliyo ndani yake, kisha hutazama ni volti ngapi zimebaki, nayo hujua joto. Waya ukikatika kabisa, kompyuta huona kama hewa ina digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo haijapata kufika Kabale wala mahali popote pa Afrika. Hapo huwasha taa ya onyo. Mashine ya kusomea makosa huonyesha P0113. Nyaya zikigusana huonyesha P0112, maana kompyuta huona joto lisilowezekana.

Sasa nafika katika kiini cha maneno yangu, nacho ni mahali kihisi kinapokaa. Watengenezaji hawakukubaliana. Katika Subaru Impreza WRX nyingi za miaka ya 2000, kihisi kimo ndani ya kipimo cha mtiririko, karibu na chujio la hewa, kabla ya turbo. Hapo hupima hewa ya nje. Katika injini za Volkswagen na Audi za lita 1.8 zenye turbo na valvu 20, kihisi kimefungwa katika manifoldi, baada ya kipoza hewa. Kila kampuni ilikuwa na sababu zake, na iliiandikia kompyuta yake hesabu zinazolingana na mahali pale. Msomaji aliweke neno hili moyoni: kihisi na hesabu za kompyuta ni mke na mume, na ukimhamisha mmoja huna budi kumwarifu mwenzake.

Kuna wakati kuhama ni lazima. Wako watu wanaofunga turbo katika injini iliyozaliwa bila turbo. Wako wanaoondoa kipimo cha mtiririko na kutumia kipimo cha mgandamizo badala yake. Mtu akifanya hivyo, kisha akakiacha kihisi kando ya chujio la hewa, kihisi kitasema digrii 30 huku hewa inayoingia katika silinda ina digrii 60. Kompyuta itadhani imepata sehemu 100 za hewa na kumbe imepata 91. Itamwaga petroli ya bure, nayo cheche itawahi kuliko inavyofaa. Gari hilo litakula mafuta na kugonga mlimani, na mwenyewe atalilaumu turbo lisilo na kosa.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Kihisi kilichofungwa katika manifoldi ya chuma kimeshikana na injini yenye joto la digrii 90 hivi. Gari likisimama katika msongamano wa Kampala mchana, chuma kile hukipasha kihisi moto, nacho huanza kusema habari za chuma badala ya habari za hewa. Njia ikifunguka na hewa ya baridi ikianza kupita, kihisi huchukua muda kupoa. Katika muda huo kompyuta huchelewesha cheche bure, na gari huwa zito kama limebeba mawe. Hapo yafaa kihisi kihamishwe katika bomba lililo kati ya kipoza hewa na mlango wa akseleta, mahali ambapo hewa inapita kwa nguvu na chuma hakina moto mwingi. Kuhamisha kwa namna hii ni kukitoa shahidi mahali penye kelele na kukiweka mahali kinapoweza kusikia vema.

Lakini, ndugu zangu, kuna kuhamisha kwingine, na huko ndiko ninakokupinga. Taa ya onyo inawaka. Mwenye gari anakwenda garaji. Fundi anakata nyaya mbili za kihisi, anafunga rizista ndogo ya bei ya pipi, na taa inazimika. Tangu siku hiyo kompyuta inaamini kwamba hewa ni ya baridi mchana na usiku, bondeni na mlimani. Wengine hukiondoa kihisi katika njia ya hewa na kukifunga nyuma ya taa ya mbele, penye upepo wa nje, na matokeo ni yale yale. Tena viko vikorokoro vinavyouzwa kwa jina la kuongeza nguvu ambavyo ukivipasua ndani huoni kitu ila rizista hiyo hiyo. Mwenye gari analipa, anashukuru, anaondoka.

Baba yangu mdogo anachukua abiria kati ya Mbarara na Kabale kwa gari dogo la petroli lenye turbo. Gari lake lilitengenezwa namna hiyo katika garaji moja ambayo sitaitaja. Siku za kwanza alisifu, maana gari liliitika upesi asubuhi kukiwa na baridi. Baada ya wiki chache likaanza kugonga kwenye miinuko, na petroli ya siku moja haikufika jioni. Alibadilisha plagi, akabadilisha chujio, akaanza kulisema vibaya turbo. Mwishowe fundi mwingine, mzee asiyejua kusoma Kiingereza, alizifuata nyaya kwa vidole vyake mpaka akaikuta ile rizista imezungushiwa utepe mweusi. Aliitoa, akaweka kihisi kipya cha aina ya gari lile mahali pake pa asili, na mgongo ukaisha. Pesa alizotumia baba mdogo katika miezi ile zingenunua vihisi vingi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Taa ya onyo ni mgonjwa anayelia, na kumziba mdomo si kumponya.

Watetezi wa desturi hii wana hoja zao, nami nitazijibu kwa adabu. Wa kwanza husema: “Lakini gari linavuta vizuri zaidi.” Ni kweli kwamba cheche ikiwahishwa gari laweza kuhisiwa jepesi, hasa hewa ikiwa ya baridi kweli. Lakini nguvu hiyo imekopwa kwa pistoni, na deni litadaiwa siku gari likipanda mlima likiwa limejaa watu. Ni kweli pia kwamba magari mengi yana kihisi kingine kinachosikiliza injini ikigonga, na kompyuta hurudisha cheche nyuma. Hata hivyo kihisi hicho husikia baada ya kugonga kuanza. Nani mwenye akili huondoa mlinzi wa mlangoni kwa sababu nyumbani ana ndoo ya kuzimia moto?

Wa pili husema: “Waliotengeneza gari wana akili kuliko sisi, kwa hiyo kihisi kisihamishwe kamwe.” Kwa hawa nakubali nusu ya maneno yao. Gari ambalo halijaguswa, kihisi chake kikifa, kiwekwe kingine cha aina ile ile mahali pale pale, na mambo yaishe hapo. Lakini injini ikibadilishwa, hesabu za mtengenezaji zimekwisha kubadilishwa pia, na kung'ang'ania mahali pa zamani ni kama kuvaa kaptura ya Darasa la Kwanza ukiwa Kidato cha Sita. Sharti moja ni kwamba anayehamisha apate mtu wa kurekebisha hesabu za kompyuta. Bila hivyo hata mahali pazuri huleta madhara.

Wa tatu husema: “Sisi ni maskini, kihisi cha kweli ni ghali.” Hoja hii ndiyo inayonigusa, kwa maana watu wengi wanaodanganywa ni watu wa kipato kidogo. Lakini kihisi ni miongoni mwa spea za bei nafuu katika gari zima. Ghali ni pistoni, ghali ni turbo, na ghali kuliko vyote ni abiria kulala njiani usiku katika ukungu wa milimani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi kazi njema inafanywaje? Nitaeleza kwa kifupi yale ambayo mwenye gari apaswa kuyaona yakitendeka, ili asidanganywe.

Injini iachwe ipoe, na waya hasi wa betri uondolewe. Kihisi cha zamani kipimwe kwa mita ya umeme kabla ya kuhukumiwa, maana mara nyingi kosa ni kutu katika soketi au waya uliokatwa na panya. Kiwekwe ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kitumbukizwe katika maji yenye barafu, kisha katika maji ya vuguvugu yenye kipimajoto, na omu zake zilinganishwe na jedwali la gari lile. Kikiwa kichafu kwa ukungu wa mafuta, kisafishwe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme wala kisisuguliwe kwa brashi ya waya.

Kihisi kipya kiwe na jedwali lile lile la omu. Hesi zaweza kuingia sawasawa na bado kihisi kikasema lugha ya kigeni. Kihisi cha kampuni ya General Motors kina omu 3,500 hivi kwa digrii 20. Kompyuta iliyozoea kile cha Bosch nilichotaja itasoma hapo digrii 12. Kihisi hakikusema uongo, wala kompyuta haikukosa. Waliongea lugha mbili.

Kikihamishwa, kiwekwe baada ya kipoza hewa, katika bomba lililonyooka, mbali na ekzosi na mbali na upepo wa moto wa feni. Ncha yake ifike ndani panapopita hewa, isijifiche ukutani. Kwa gari la turbo ncha iliyo wazi ni bora kuliko ile iliyofunikwa kwa shaba, kwa sababu joto la hewa iliyoshindiliwa hupanda upesi sana, na shaba huchelewa kupata habari. Bomba litolewe kabisa katika gari kabla ya kutobolewa kwa keekee. Punje moja ya alumini ikivutwa ndani ya silinda yaweza kuharibu kazi yote. Tundu la bomba la chuma lichomelewe kikombe chenye hesi, na mahali pazibwe vema, maana hewa iliyoshindiliwa hutafuta upenyo. Nyaya zilehemiwe na kufunikwa, zisisokotwe kwa vidole na kuachwa uchi.

Mwisho, kazi ijaribiwe. Asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, kihisi kiseme joto lile lile la hewa ya nje, au karibu nalo. Gari likipanda mlima namba zipande, na likitelemka zishuke. Namba zisizotikisika kabisa si dalili ya uzima. Ni dalili kwamba mahali fulani kuna rizista imejificha chini ya utepe mweusi.

Wanafunzi wenzangu, nimeandika haya kwa sababu naona pengo kati yetu na mafundi. Sisi twakariri kanuni za gesi kwa ajili ya mtihani, tukitoka katika chumba cha mtihani twaziacha mlangoni. Fundi chini ya mwembe anazihitaji kanuni hizo kila siku, naye hakupewa. Anabahatisha, na akibahatisha vibaya mwenye gari ndiye anayelipa. Sidhani kwamba mafundi ni watu wabaya. Wengi wao wana mikono ambayo wasomi wangeitamani, na yule mzee aliyelitengeneza gari la baba mdogo amenifundisha zaidi ya vitabu viwili. Fundi hudanganya kompyuta mara nyingi kwa sababu hajaonyeshwa njia nyingine ya kuizima ile taa.

Kwa hiyo natoa shauri kwa chama chetu cha sayansi. Tuna mita za umeme katika maabara, tuna vipimajoto, na barafu yapatikana jikoni. Tukusanye vihisi vichache vilivyotupwa katika magaraji ya mjini, tuvipime kutoka digrii 0 hadi digrii 80, tuandike majedwali kwa Kiswahili na kwa lugha za hapa, kisha tuwapelekee mafundi karatasi hizo bure. Tuwaalike waje kutufundisha kushika spana, nasi tuwaonyeshe kwa nini sehemu 100 za hewa hugeuka 91. Hapatakuwa na mkubwa wala mdogo katika darasa hilo.

Kipimo chochote, kiwe mizani ya sokoni, kiwe kipimajoto cha hospitali, au kihisi katika bomba la gari, kina kazi moja tu, kusema kilivyo kitu. Mwenye duka akitia jiwe chini ya mizani twamwita mwizi mbele ya watu. Naye atiaye rizista mahali pa kihisi, huku akijua alitendalo, na akachukua pesa ya mtu, tumwite nani? Naliacha swali hili kwenu, wasomaji, na nitafurahi kusoma majibu yenu katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita